Wimbo wa Kunyweshea

Watafiti wawili walikwisha kumfuata Mabkhut nyumbani kwake, mmoja na kamera, mwingine na daftari. Wote wawili aliwapa kahawa na tende, kisha akawaambia koo linamuuma. Koo hilo liliuma mbele ya watafiti tu. Ikija zamu ya kumlalamikia mkewe Tuful kwamba mchuzi hauna chumvi, lilikuwa zima kabisa, na Tuful ndiye shahidi.

Kwa hiyo Bi Zuwaina wa makumbusho, msichana wa Nizwa mwenye miwani na gari jeupe, alipofika Thumrait kuomba wimbo, Tuful alimwekea tende saba kwenye sahani. Saba ndiyo hesabu yake ya mgeni anayeondoka mapema.

Bi Zuwaina alieleza vizuri. Makumbusho yalikuwa yanafungua maonyesho ya biashara ya kale, jinsi ubani ulivyotoka kwenye miti ya huku, ukapanda migongo ya ngamia, ukavuka jangwa mpaka kwa wafalme waliokuwa hawawezi kuzikana bila moshi wake. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri ungepigwa muziki wa nchi moja iliyonunua ubani huo. Mpiga zeze alikwisha wasili kutoka Gujarat. Wapiga filimbi wa Misri walikuwa njiani.

"Lakini nchi iliyouza haina mtu, ami," alisema. "Vyungu tunavyo, mizani tunayo, ubani wa miaka elfu mbili tunao. Sauti ndiyo hatuna."

"Koo linaniuma," alisema Mabkhut.

"Pole sana. Basi njoo utazame tu. Sheikh Tamman atakaa safu ya mbele. Na nje mlangoni Muhad ataleta ngamia wake wanane, tuwavishe kama msafara wa zamani."

Mabkhut aliweka kikombe chini. "Wanane wepi?"

"Sijui, ami, mimi ni mtu wa Nizwa, ngamia kwangu ni ngamia. Yuko mmoja mwekundu, mzuri, ncha ya sikio imechanika."

"Nitaimba," alisema Mabkhut.

Tuful akaenda jikoni kuongeza tende.

Mwenye sikio lililochanika jina lake Ghazira, na alizaliwa hatua arubaini kutoka mlango wa jiko hilo. Sikio alilichana mwenyewe kwenye mti wa miiba akiwa na miezi mitano, kwa ulafi. Wiki ya kupigwa chapa alikuwa na kikohozi, na Tuful akasema mwacheni mtoto apone, mtampiga chapa wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miaka minne. Kisha msimu mmoja wa ukungu, mifugo ya watu wote ilipochanganyika milimani, Ghazira hakurudi. Alikuja kuonekana miaka miwili baadaye ndani ya ua wa Muhad, mnene, na chapa ya Muhad pajani, mbichi bado, manyoya hayajaota.

Walikwenda kwa Sheikh Tamman. Sheikh aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho, maana hakuwa na haraka na kahawa yake ilikuwa nzuri. Muhad alisema amemkuta ngamia jangwani hana alama, amemlisha, amempiga chapa. Mabkhut alisema sikio. Sheikh alisema nusu ya wanyama wa bara hili wana masikio yaliyochanika, na baadhi ya watu pia. Shahidi wa Mabkhut alikuwa Tuful, na Tuful alikula sahani moja naye.

"Nikimwita atakuja," Mabkhut alisema siku ile.

"Basi mwite," alisema Sheikh.

Hapo Mabkhut akanyamaza, na wanaume arubaini waliokuwa barazani wakaelewa kwa nini, na Muhad akatabasamu kwa sababu na yeye alielewa.

Wimbo wa kunyweshea ngamia kila mtu huko anaujua. Beti zake ni za wote, hata watoto wa shule huziimba wakioga. Lakini mkia wa wimbo ni wa nyumba. Ni sauti tatu za mwisho ambazo baba humfundisha mwana wakiwa peke yao kisimani, na ngamia huzisikia tangu siku ya kwanza anapoonja maji. Aliye na mkia wako ana kundi lako. Atasimama nyuma ya kilima, ataita, na wanyama wako watakwenda kwa adabu zao zote, bila kamba. Haziimbwi mbele ya mtu wa nyumba nyingine, na hapa pia haziandikwi.

Kuna sharti la pili. Wimbo huo hauimbwi pasipo maji. Ngamia akija akakuta hodhi kavu, umemwambia uongo, na ngamia huambiwa uongo mara moja tu.

"Barazani kwa Sheikh palikuwa na masikio themanini ya wafugaji," Mabkhut alimwambia mkewe usiku wa siku aliyokuja Bi Zuwaina. "Huko makumbusho kutakuwa na nani? Watu wa Maskati, Wahindi, wanafunzi. Hao wakijua mkia wangu watamwita nani nao? Paka?"

"Na Sheikh?"

"Sheikh ana ngamia mia mbili na miguu mibovu. Hawezi kuiba hata mto wa kulalia."

"Na Muhad?"

"Muhad hana sikio la muziki. Hata akiitikia dua huanguka njiani."

Tuful alifikiri. "Umeyahesabu yote?"

"Yote."

"Haya," alisema Tuful, kwa sauti ya mtu anayetunza neno kwa matumizi ya baadaye.

Siku ya Jumanne Mabkhut aliitwa kwenye mazoezi. Ukumbi ulikuwa baridi kama ndani ya jokofu. Mpiga zeze, mzee mwembamba aitwaye Jivan, alikuwa amekaa juu ya zulia akikaza nyuzi. Alikuwa na maneno kama thelathini ya Kiarabu, na ishirini yalikuwa ya chakula.

"Ala yako ni ipi, ami?" aliuliza Bi Zuwaina, kalamu mkononi.

"Hodhi."

"Hodhi la maji?"

"La ngozi, miguu ya mti. Ninalo mwenyewe. Nitalileta."

Alifurahi sana na kuandika. "Litapendeza kweli pale katikati."

"Lijae."

Kalamu ikasimama. "Lijae nini?"

"Maji, mwanangu. Hodhi hujaa nini kwenu Nizwa?"

Bi Zuwaina alimweleza kwa upole kwamba maji na ubani wa miaka elfu mbili havikai chumba kimoja, unyevu ni adui, kuna mitambo ya kupima na mtu huko Maskati anayeitazama. Mabkhut alisikiliza, kisha akasema bila maji hakuna wimbo. Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe hodhi likapewa nafasi kwenye kizingiti cha mlango mkubwa wa kioo, ule unaojifungua wenyewe mtu akikaribia. Nusu ndani, nusu nje.

"Na sauti itafika nje?" aliuliza Mabkhut.

"Tutafunga spika uani. Itafika mpaka kituo cha petroli."

"Vizuri," alisema Mabkhut, na lilikuwa neno la kwanza zuri alilosema tangu asubuhi, hata Bi Zuwaina akamshukuru.

Alhamisi watu walijaa. Mabkhut alikuwa amevaa kanzu mpya na kilemba cha harusi ya mwanawe. Tuful alikaa safu ya nyuma, karibu na mlango, na buibui lake la kutokea. Sheikh Tamman alikuwa mbele kabisa na fimbo yake. Uani ngamia wanane walikuwa wamepiga magoti mstari mmoja, matandiko ya rangi, shada shingoni, na kila mmoja amebeba magunia mawili yaliyojazwa makaratasi badala ya ubani. Kila mmoja alikuwa amefungwa goti moja kwa kamba, mguu umekunjwa, asiweze kutembea. Ghazira alikuwa wa tatu. Muhad alisimama kando yao akiwaambia watu wapige picha upande wa jua.

Jivan alipiga zeze nusu saa. Lililia vizuri, na mama mmoja kutoka Maskati alilia nalo. Kisha Bi Zuwaina akamtaja Mabkhut, watu wakapiga makofi, naye akaenda kukaa kwenye kiti kidogo kando ya hodhi lake.

Akatazama ndani. Palikuwa na vigae vya kioo vya buluu, vimepangwa kwa ustadi, vinang'aa kuliko maji.

Mabkhut alifumba mdomo uliokuwa umeanza kufunguka. Akakunja mikono.

Ukumbi ukasubiri. Bi Zuwaina alikuja akainama. "Ami, ni simu ilitoka Maskati asubuhi, walikataa maji. Lakini hata kwenye picha hakuna atakayejua."

"Anayehusika atajua."

"Nani huyo?"

"Yuko nje."

Bi Zuwaina alitazama nje, akaona umati, akafikiri anamsema mtu mkubwa fulani. "Ami, tafadhali. Watu mia mbili."

"Nawaona. Wape zeze."

Jivan hakujua kilichotokea, lakini alikuwa amepiga muziki kwenye harusi nyingi na alijua sura ya bwana harusi aliyekwama. Akalishika zeze lake bila kuambiwa. Na huku nyuma Tuful akainuka, akaingia chumba cha kahawa, akatoka na birika kubwa la shaba limejaa maji ya bomba. Alipita katikati ya watu, akatoa vigae kwa mikono miwili akavimwaga kwenye mkoba wa mama aliyekuwa karibu, akamimina. Akarudi. Akaja tena. Safari ya tatu mpishi wa kahawa alimfuata na ndoo. Safari ya tano wanafunzi wawili wa kike walijiunga, kwa kuona ni desturi. Watu waliinua simu zao wakarekodi. Safari ya saba maji yalimrukia Sheikh Tamman viatuni, naye akavuta miguu akasema, "Zamani nasi tulilowa hivyohivyo," na mwandishi wa gazeti aliyekuwa pembeni akaliandika.

"Inatosha?" Tuful alimuuliza mumewe.

"Bado vidole vinne kufika ukingoni."

"Vidole vyako au vyangu?"

"Vyangu."

Akaleta ndoo nyingine.

Ndipo Mabkhut akaimba. Sauti yake haikuwa nzuri na hajawahi kudai kwamba ni nzuri. Ilikuwa sauti ya kwenda mbali, kama kamba ndefu, na spika za Bi Zuwaina ziliichukua zikaitupa uani. Ubeti wa kwanza, ngamia wote wanane waliacha kucheua. Ubeti wa pili waligeuza shingo. Muhad aliona akacheka, akamwambia jirani yake, "Wana kiu maskini, tangu asubuhi wanapigwa picha." Ubeti wa tatu waligunaguna, basi.

Kisha Mabkhut akafumba macho akaimba mkia wa nyumba yake, sauti tatu.

Ghazira alisimama. Ngamia aliyefungwa goti hasimami kwa uzuri. Aliinua kwanza nyuma, magunia ya makaratasi yakateleza mpaka shingoni, kisha akajitupa juu kwa mguu mmoja wa mbele, akayumba, akapata mizani. Wale saba walimtazama. Akaja kwa miguu mitatu, akirukaruka, shada limemziba jicho, akampita Muhad, akapita meza ya vitabu, watu wakimpisha kama bibi harusi. Alipofika, mlango wa kioo ulijifungua wenyewe. Akainamisha shingo akanywa.

Hakuna aliyepiga makofi. Yalisikika mafunda ya maji tu, makubwamakubwa, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa karibu na hodhi.

Muhad alikuwa amefika nyuma yake. "Ana kiu," alisema.

"Wanane wana kiu," alisema Sheikh Tamman kutoka kwenye kiti chake. "Namwona mmoja."

"Huyu ni mlafi, Sheikh. Angekwenda kwa yeyote."

"Basi mwite, Muhad. Yeye yuko hapo, wewe uko hapo."

Muhad aliita. Aliita kwa sauti anayoitumia nyumbani kwake, na si kwamba haikuwa sauti. Ghazira alitikisa lile sikio lililochanika, kama mtu anayefukuza nzi, akaendelea kunywa. Muhad aliita tena, na safari hii alimvuta ngamia mkia wa nyuma, akauacha kwa wakati, maana ngamia wana miguu ya nyuma.

Sheikh aligonga fimbo sakafuni taratibu. "Mtu aliniletea ushahidi wa chapa nikampa haki ya chapa. Chapa aliipiga Muhad. Alama ya leo hakuipiga mtu." Akamgeukia Mabkhut. "Mchukue. Lakini matandiko ni ya Muhad, na magunia sijui ni ya nani."

"Ya makumbusho," alisema Bi Zuwaina kwa sauti ndogo.

Muhad alifungua tandiko mwenyewe. Alikuwa mtu wa kujua saa ya kunyamaza. Alipomaliza alimwambia Mabkhut, "Nilimlisha vizuri."

"Naona," alisema Mabkhut. "Amenenepa kunishinda."

Walirudi naye nyumbani. Tuful alimtazama Ghazira mpaka giza likaingia, akampapasa pale penye chapa, akasema kikohozi chake kimepona. Ijumaa na Jumamosi, siku ambazo makumbusho hufungwa, zilipita hivyo.

Jumapili saa tatu asubuhi Ghazira aliacha malisho akaondoka. Hakukimbia. Alitembea kama mwenye miadi, Mabkhut nyuma yake anapiga kelele na kiatu mkononi, mpaka uani kwa makumbusho. Na hapo Mabkhut akasikia sauti yake mwenyewe inatoka ukutani, beti tatu na mkia.

Bi Zuwaina alimpokea kwa furaha. "Umesikia, ami? Kuanzia leo kila tukifungua mlango tutaanza na wewe. Watu wameipenda kuliko zote. Maskati wameomba nakala. Iko kwenye simu za watu elfu kumi na moja."

Mabkhut alikaa kwenye ngazi.

Masikio aliyahesabu, na aliyahesabu sawasawa. Mashine hakuzihesabu, kwa sababu mashine haina ngamia.

"Iondoe," alisema.

"Ami, hiyo sasa haiondoki. Hata mimi nikiifuta yangu, ya watu siwezi."

Ghazira alikuwa amesimama mbele ya mlango wa kioo, ambao ulijifungua, ukarudi ukagusa hodhi, ukajifungua. Hodhi lilikuwa palepale kizingitini. Ndani yake walikuwa wamerudisha vigae vya buluu. Alivinusa. Akainua kichwa akamtazama Mabkhut kwa muda mrefu.

Mabkhut hakusubiri. Alivinyakua vigae akavitupa uani, akaingia chumba cha kahawa bila hodi, akatoka na birika. Mpishi alichukua ndoo bila kuuliza, alikwisha izoea kazi. Ghazira alikunywa.

Wiki hiyohiyo Muhad naye alijaribu. Alisimama kwenye ua wake akainua simu yake juu, ikaimba. Ghazira alikwenda kweli, akakuta debe kavu na mtu mwenye simu. Akageuka. Tangu siku hiyo akipita karibu na ua ule hugeuza uso upande wa pili, na sauti ya Mabkhut ikitoka huko hata sikio halitikisiki. Majirani walilicheka sana jambo hilo. Mabkhut hakucheka.

"Umeona?" alimwambia Tuful. "Mara moja tu. Pale makumbusho wakimdanganya siku moja, basi siku nitakayomwita mimi mwenyewe atanipita kama anavyompita Muhad."

"Ulisema umeyahesabu yote," alisema Tuful.

Neno lile alikuwa amelitunza wiki mbili, na sasa alilitoa bila kupandisha sauti.

Basi ikawa hivi. Kila siku makumbusho yanapofunguliwa, saa tatu kasoro dakika kumi Mabkhut yuko pale na ndoo zake, anajaza hodhi hadi juu. Bi Zuwaina aliandika barua Maskati mara tatu, ikakubaliwa hodhi litoke hatua mbili nje, chini ya kivuli. Saa tatu kamili ukuta unaimba. Ghazira anatokea nyuma ya kituo cha petroli, anavuka barabara, magari yanasimama. Anakunywa. Watalii wanapiga picha, na wengine humwuliza Mabkhut kama na yeye ni sehemu ya maonyesho, naye huwaambia koo linamuuma.

Jivan kabla hajarudi kwao alikuja asubuhi moja kuaga. Walikaa pamoja kwenye ngazi wakinywa kahawa, na Jivan akatumia maneno yake thelathini kusema kwamba kwao mtu hupiga zeze miaka hamsini asipate msikilizaji wa namna hii. Mabkhut alimjibu kwamba msikilizaji huyu haji bure.

Siku moja ya baridi Tuful alikwenda naye, amebeba ndoo ya pili, kwa sababu mgongo wa Mabkhut ulikuwa umekaza. Walimimina, wakakaa, ukuta ukaimba.

"Nafikiria kitu," alisema Tuful. "Wewe ukifa, huyu wa ukutani hatakufa."

"Hafi."

"Atakuwa anamwita kila asubuhi."

"Atamwita."

"Na mimi ndiye nitakayekuwa nabeba ndoo, kwa ajili ya mume aliyeko ukutani, ambaye hata chumvi haniulizi."

Mabkhut alimtazama Ghazira anavyokuja, shingo mbele, bila haraka.

"Usipunguze vidole vinne," alisema.